Kompyuta Ikijibu "Hakuna": Namna Kisanduku cha Utafutaji Kinavyoyafahamu Mafaili na Programu

Mwananchi anapofika katika ofisi ya mtendaji kuulizia muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha ombi lake la ardhi, siku hizi mtumishi haanzi kwa kuinuka na kwenda kwenye kabati la majalada. Hugeukia kompyuta, hubonyeza kitufe chenye alama ya Windows, huandika neno moja au mawili, kisha husubiri. Faili likijitokeza, shughuli imekwisha kwa dakika moja. Lisipojitokeza, kioo huandika kwamba hakuna kilichopatikana, na mwananchi aliyeacha nyavu zake mwaloni Nkome tangu alfajiri huambiwa kwamba muhtasari haupo.

Kati ya kusema "kompyuta haikuupata" na kusema "haupo" kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano ule ni ushahidi wa msingi wa mwanakijiji iwapo mipaka itagombaniwa au mradi utapita katika eneo lake. Akiambiwa haupo ilhali umelala ndani ya diski ya kompyuta ileile inayotazamwa, hasara inamwangukia yeye.

Tunaomba basi watumishi wa kata, vijiji, shule na zahanati, pamoja na wananchi wenye kompyuta zao nyumbani au dukani, watufuate kwa utulivu tueleze jambo ambalo wengi hulitumia kila siku bila kuambiwa linavyofanya kazi: kisanduku kile cha utafutaji, pamoja na programu nyingine za aina yake ambazo katika makala hii tutaziita vifunguzi, kwa kuwa kazi yake ni kumfungulia mtu faili au programu kwa kuandika herufi chache tu.

Masijala ndani ya kompyuta

Anayefanya kazi masijala hatafuti barua kwa kufungua kila jalada lililo rafuni. Ana rejesta. Barua inapoingia huandikwa tarehe, mwandishi, mada na namba ya jalada ilimowekwa. Mkuu wa idara akiihitaji, mtunza kumbukumbu huisoma rejesta kwanza, akapata namba, ndipo akaenda rafuni moja kwa moja. Na kila mtunza kumbukumbu anafahamu balaa la barua iliyochomekwa ndani ya jalada bila kuandikwa kwenye rejesta. Barua hiyo imo chumbani, haijaibwa wala haijachomwa moto, lakini kwa anayeitafuta ni kama iliyopotea.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Unapoandika neno katika kisanduku cha utafutaji, kompyuta haiendi kuyapekua mafaili yako wakati huo. Husoma rejesta yake, ambayo kwa Kiswahili cha vitabuni twaweza kuiita faharasa, yaani orodha kama ile inayochapwa kurasa za mwisho za kitabu ikionyesha kila neno linapatikana ukurasa gani. Faharasa hiyo iliandaliwa mapema na programu inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia. Kilichoandikwa humo hupatikana kwa kufumba na kufumbua. Kisichoandikwa hakipatikani hata ukibonyeza kitufe hadi jioni.

Tuchukue mfano mdogo. Ofisi ina mafaili matatu: la kwanza ni muhtasari unaotaja zahanati na shule, la pili ni barua inayotaja maji na shule, la tatu ni taarifa inayotaja zahanati na maji. Programu ya faharasa huyasoma yote matatu mara moja, kisha huipindua habari. Badala ya kuandika "faili la kwanza lina maneno haya", huandika "neno zahanati limo katika la kwanza na la tatu, neno maji limo katika la pili na la tatu, neno shule limo katika la kwanza na la pili". Mtumishi akiandika "zahanati maji", kompyuta huchukua orodha mbili, huangalia faili lililo katika zote mbili, na kuleta la tatu. Haikulazimika kufungua faili lolote. Yakiwa mafaili elfu hamsini badala ya matatu, kazi ni ileile, na ndiyo maana majibu huanza kutokea kabla hujamaliza kuandika neno.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Waliotumia Windows XP watamkumbuka mbwa wa katuni aliyekaa pembeni mwa kioo wakati kompyuta ikitafuta; alikuwa akisubiri nasi, kwa sababu kompyuta ilikuwa ikipita folda moja baada ya nyingine kama mtu anayepekua kabati zima. Mwaka 2004 kampuni ya Google ilitoa programu ya Google Desktop iliyojenga faharasa ya kompyuta ya mtu binafsi. Mwaka 2005 Apple ikatoa Spotlight ndani ya kompyuta zake. Na Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ikakiweka kisanduku cha utafutaji chenye faharasa ndani ya menyu ya kuanzia. Mbwa akaondoka. Kwa bahati mbaya watumiaji wengi hawakuelezwa kwamba pamoja na mbwa, desturi ya kutafuta kila mahali nayo iliondoka.

Kinachoingia na kinachoachwa

Hapa ndipo penye chanzo cha majibu mengi ya uongo. Windows 10 na Windows 11, zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, haziifanyii faharasa kompyuta nzima. Huandika habari za folda za mtumiaji kama vile ile ya nyaraka, ya picha na ya muziki, pamoja na vilivyo kwenye kioo cha mbele. Ofisi nyingi hugawa diski mara mbili na kuhifadhi kazi katika sehemu ya pili, ile inayoitwa D, ili kompyuta ikiharibika na kuwekewa Windows upya mafaili yasalimike. Huo ni utaratibu wa busara. Lakini sehemu D kwa kawaida haimo katika faharasa mpaka mtu aiongeze mwenyewe. Ofisi iliyohifadhi kwa uangalifu zaidi ndiyo inayojibiwa "hakuna".

Flashi nayo haimo. Muhtasari uliochapwa steshenari, ukaletwa kwa flashi, ukafunguliwa na kuchapishwa kutoka kwenye flashi bila kunakiliwa, haukuacha kitu chochote katika rejesta ya kompyuta ile. Vivyo hivyo taarifa zilizo katika mifumo ya Serikali inayofanya kazi kwa mtandao, kama FFARS ya fedha za vituo, PlanRep ya mipango na bajeti au NeST ya ununuzi. Taarifa hizo hukaa katika seva mbali na hapa, na kompyuta ya ofisini ni dirisha tu la kuzitazamia. Mtumishi asitegemee kisanduku cha Windows kimletee malipo yaliyoingizwa FFARS. Aingie kwenye mfumo wenyewe.

Kuna pia suala la muda na umeme. Programu ya faharasa imeundwa isimsumbue mtumiaji, kwa hiyo hupunguza kasi mtu anapofanya kazi, na kompyuta mpakato inapotumia betri huweza kusimama hadi umeme urudi. Katika maeneo yetu ambako umeme hukatika katikati ya kazi, si ajabu mtu akahifadhi faili saa nne, akalitafuta saa tano, akaambiwa halipo. Lipo, mwandishi wa rejesta hajafika kwake.

Hata faili likiwa katika folda inayohusika, faharasa yaweza kuandika jina lake tu bila yaliyomo. Ili kompyuta isome maneno ndani ya faili, inahitaji kijiprogramu kinachoelewa aina ile ya faili: kimoja cha nyaraka za Word, kingine cha PDF, kingine cha barua pepe. Kikikosekana, faili huorodheshwa kwa jina, tarehe na ukubwa, basi.

Na hapa tuseme neno refu kidogo kuhusu karatasi zilizoskaniwa, kwa maana katika ofisi zetu ndizo nyingi. Muhtasari wa kijiji kwa kawaida huandikwa kwa mkono, husainiwa na mwenyekiti na mtendaji, hugongwa muhuri, kisha hupitishwa kwenye skana au kupigwa picha kwa simu. Kwa macho yetu ile ni nyaraka iliyojaa maneno. Kwa kompyuta ni picha, sawa na picha ya mtumbwi au ya mbuzi. Haioni humo neno "ardhi" wala jina la mtu. Zipo programu zinazotambua herufi ndani ya picha na kuzigeuza kuwa maandishi, na kwa karatasi iliyochapwa vizuri hufanya kazi nzuri, lakini kwa mwandiko wa mkono wenye haraka, juu ya karatasi iliyokunjwa na kugongwa muhuri katikati, tusizitumaini sana. Kwa hiyo njia pekee ya kuipata nyaraka hiyo kwa kutafuta ni jina la faili. Na jina lenyewe ni nini? Skana imeliita SCAN0001. Iliyopita WhatsApp ikaitwa kitu kama IMG-20240312-WA0005, maana yake picha iliyohifadhiwa na WhatsApp tarehe 12 Machi 2024, ya tano kwa hesabu yao. Hakuna mtu duniani atakayeandika hayo katika kisanduku akitafuta muhtasari wa mkutano wa kijiji.

Dawa yake ni kulibadilisha jina siku ileile inapohifadhiwa, kabla kumbukumbu haijafifia. Windows huruhusu jina la faili kufika herufi 255, hivyo hakuna sababu ya kubana. "2024-03-12 muhtasari mkutano mkuu kijiji Nkome ugawaji ardhi" ni jina refu, halina uzuri wowote, na ndilo linalofaa. Mwaka ukitangulia, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Maneno yakitenganishwa kwa nafasi, kila moja huingia katika faharasa likijitegemea.

Kiswahili na herufi za mwanzo

Jambo linalofuata halielezwi katika miongozo iliyoandikwa ughaibuni, kwa kuwa waandishi wake hawasumbuliwi nalo. Faharasa ya Windows hulinganisha maneno kuanzia herufi ya kwanza. Mwingereza akiandika neno lenye maana ya mkutano katika umoja, ataletewa na mafaili yenye wingi wake, kwa kuwa lugha yake huongeza herufi ya wingi mwishoni. Kiswahili hubadilisha mwanzoni. Ukiandika "mkutano", faili lililoitwa "ratiba ya mikutano" haliji. Ukiandika "kiwanja", "orodha ya viwanja" haiji. Ukiandika "mtumbwi", rejesta ya mitumbwi ya BMU haiji. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili yasiyo na udugu, kama vile "mbuzi" na "samaki".

Mtumishi anayelifahamu hili hutafuta mara mbili, kwa umoja na kwa wingi, au huandika kipande cha neno kisichobadilika na kukizungushia nyota. Ndani ya dirisha la mafaili, ukifungua folda na kuandika *wanja* katika kisanduku cha juu kulia, utapata majina yenye kiwanja na viwanja pia. Kwa *kutano* utapata mkutano na mikutano. Si kila neno linakubali: "mwalo" na "mialo" zimeshirikiana herufi tatu tu, na ukiandika *alo* utaletewa pia "katalogi". Neno "kibali" na wingi wake "vibali" nalo lina vituko vyake, maana *bali* humo pia katika "mbalimbali", na ni ofisi gani isiyo na faili la "taarifa mbalimbali"?

(Tungeshauri, kwa njia, jina hilo la "mbalimbali" liachwe kabisa, pamoja na "mpya", "mpya 2" na "final".)

Tahajia za majina ya mahali na ya watu ni tatizo la jirani. Katika ukanda huu, ambako Kisukuma na Kizinza hukutana na Kiswahili, herufi l na r hubadilishana mdomoni na hatimaye kwenye karatasi. Mmoja akiandika Rubondo na mwingine Lubondo, faharasa huona visiwa viwili. Ofisi ikubaliane tahajia moja kwa kila kijiji na kitongoji, ile iliyo katika nyaraka rasmi, na ishikamane nayo.

Vifunguzi vinavyotafuta kwa njia nyingine

Ipo programu ya bure iitwayo Everything, iliyotengenezwa na voidtools, ambayo maafisa wengi wa TEHAMA huipenda, na njia yake inafaa kuelezwa kwa sababu inaonyesha faharasa inaweza kujengwa kwa namna tofauti. Yenyewe haihangaiki na yaliyomo ndani ya mafaili. Hushughulika na majina. Diski za kompyuta za Windows kwa kawaida zimepangwa kwa utaratibu uitwao NTFS, ambao wenyewe hutunza jedwali kuu lenye kumbukumbu ya kila faili lililomo, kwa kawaida baiti 1,024 kwa kila kumbukumbu. Everything halitembelei folda hata moja. Husoma jedwali hilo moja kwa moja. Watengenezaji wake wanaeleza kwamba Windows iliyowekwa upya, yenye mafaili kama 120,000, huchukua takriban sekunde moja kuorodheshwa, na mafaili milioni moja takriban dakika moja.

Baada ya hapo haina haja ya kurudia. NTFS pia huweka daftari la mabadiliko, ambalo linafanana sana na rejesta ya barua zinazoingia na kutoka: faili limeundwa, limebadilishwa jina, limefutwa. Programu hulisoma daftari hilo na kusahihisha orodha yake papo hapo. Faharasa ya Windows nayo hutegemea taarifa za namna hiyo ili isipitie diski nzima kila siku.

Kwa sisi tunaotafuta kwa Kiswahili, Everything ina faida nyingine: hulinganisha herufi popote zilipo ndani ya jina. Ukiandika "kutano" bila nyota yoyote, mkutano na mikutano huja pamoja. Mipaka yake nayo ifahamike. Halijui kilichoandikwa ndani ya nyaraka, hivyo faili lenye jina la ovyo litabaki na jina la ovyo. Na flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina jedwali la namna ile, kwa hiyo huko hulazimika kupita folda kwa folda kama zamani.

Vipo vifunguzi vingine, kama PowerToys Run ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020, ambayo huitwa kwa kubonyeza vitufe viwili na kuleta kisanduku katikati ya kioo. Kwa utafutaji wa mafaili huazima faharasa ileile ya Windows, hivyo kisichomo kule hakitapatikana huku. Programu hizi zisiwekwe katika kompyuta ya Serikali bila kumshirikisha Afisa TEHAMA, hata zikiwa za bure.

Kuhusu programu, tofauti na mafaili, habari ni fupi. Kifunguzi hakizitafuti katika diski nzima. Programu inaposakinishwa huacha njia ya mkato katika folda ya menyu ya kuanzia; kifunguzi husoma folda hiyo pamoja na orodha ya programu zilizotoka katika duka la Microsoft. Kwenye Linux, kama vile Ubuntu, kila programu huacha faili dogo la maelezo lenye jina, picha ya alama na amri ya kuifungua, na vifunguzi huyasoma hayo. Ndiyo sababu programu uliyonakili tu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha hufanya kazi ukiibofya, lakini haitokei ukiitafuta kwa jina. Na kifunguzi hukumbuka ulichochagua: mhasibu anayeandika "ex" kila asubuhi na kufungua Excel ataiona Excel ikipanda juu ya orodha. Mwenzake akikaa kwenye kompyuta ileile kwa akaunti ileile atakuta mpangilio wa mhasibu, si wake.

Faharasa na siri za watu

Kilichorahisishiwa mwenye kazi kimerahisishwa pia kwa asiyehusika. Zamani aliyetaka kuchungulia nyaraka za wengine kwenye kompyuta ya steshenari alilazimika kujua folda gani afungue. Leo anaandika jina la ukoo la jirani yake, na barua ya mkopo, nakala ya wosia au fomu yenye namba ya NIDA hujipanga mbele yake, kwa kuwa faharasa imesoma yaliyomo. Mwaka 2006 Google Desktop ilipoongeza uwezo wa kutafuta katika kompyuta zaidi ya moja kwa kunakili maandishi ya mafaili kwenye seva za kampuni, watetezi wa faragha nchini Marekani waliwashauri watu wasiutumie. Programu yenyewe ilisitishwa mwaka 2011, lakini swali lile halikwenda nayo.

Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenye steshenari anayechapa nyaraka za wateja afute nakala baada ya kazi na aondoe pia zilizo kwenye pipa la taka la kompyuta. Au, kama lazima zikae, aziweke katika folda iliyotolewa kwenye faharasa. Mteja naye ana haki ya kuomba kazi yake ifutwe mbele ya macho yake kabla ya kulipa na kuondoka. Katika ofisi za umma, kila mtumishi atumie akaunti yake yenye nywila, kwa sababu mtumiaji wa kawaida hapaswi kuletewa mafaili ya mwenzake asiyoruhusiwa kuyafungua. Zahanati zizingatie hili zaidi. Orodha ya wanaohudhuria kliniki isikae kwenye kioo cha mbele cha kompyuta inayotumiwa na kila mtu.

Kabla ya kumjibu mwananchi

Kisanduku kikikosa kitu, mtumishi afungue sehemu D, au folda kuu ya kazi, na kutafuta akiwa humo ndani. Hapo Windows hulazimika kupita faili kwa faili, polepole, na kwa kawaida kwa majina peke yake. Ajaribu umoja na wingi. Ajaribu mwaka na mwezi, kwa mfano 202403, ambao utamletea picha za WhatsApp za mwezi ule, kisha azitazame moja baada ya nyingine. Aulizie flashi iliyotumika. Na baada ya yote hayo aende kwenye kabati. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 haikufutwa na ujio wa kompyuta, na jalada la karatasi lenye saini na muhuri bado lapaswa kutunzwa.

Anayetaka kuona faharasa yake inahusu folda zipi aandike "Indexing Options" katika kisanduku. Dirisha litakalofunguka huonyesha idadi ya vitu vilivyoorodheshwa, iwapo kazi imekamilika, na orodha ya maeneo yanayohusika. Hapo ndipo sehemu D huongezwa. Ikiwa faharasa imeharibika, kwa mfano inaleta mafaili yaliyofutwa zamani au haileti yaliyopo katika folda inayohusika, kitufe cha "Rebuild" ndani ya sehemu ya "Advanced" huifuta na kuijenga upya. Hakifuti mafaili yenyewe. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, na katika muda huo utafutaji utakuwa na mapengo. Kwa hiyo ianzishwe jioni, kompyuta ikiwa imeunganishwa na umeme, na wananchi watakaofika kabla haijakamilika wahudumiwe kwa rejesta ya masijala.